Magari Mawili na Beseni la Mama Yao

Tulikuwa tumeshatoka getini. Binti yangu alikuwa anakimbia nyuma ya gari na kitu mkononi, na mkwe wangu ananiambia nisisimame.

"Endesha, mzee. Ukisimama injini inapoa."

Injini inapoa! Gari limetoka kiwandani juzi, lina kompyuta hadi kwenye kifuniko cha mafuta, halafu lipoe kwa kumsubiri mke wake avae ndala. Nikasimama katikati ya njia.

Binti akafika dirishani akihema. Alikuwa na beseni la bluu, lile analofulia soksi.

"La mama," akasema. "Akizidiwa huko njiani."

"Azidiwe na nini?" mumewe akauliza. "Mke wangu, hili gari linasoma barabara lenyewe."

"Basi likisoma vibaya, beseni hilo hapo."

Akalitupa kiti cha nyuma, juu ya ngozi nyeusi ambayo mimi nimekatazwa kuikalia na suruali yangu ya kazi. Kisha akaniangalia mimi, si mumewe.

"Baba, polepole."

Kwenda polepole hakukuwa kwenye mipango yangu.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilivyofukuzwa kwenye gari la maiti, eti nilipiga mluzi kwenye msafara. Marehemu mwenyewe hakulalamika. Ndipo nikaishia kwa binti yangu, mshonaji, ambaye alihamisha majora yake ya vitambaa akanipa chumba cha uani. Ni chumba ambacho ukinyoosha miguu, mlango unafunguka. Lakini ukuta wake mmoja ndio ukuta wa chumba cha kushonea, na asubuhi naamshwa na cherehani ya mwanangu. Nimelala stendi, nimelala chini ya lori, nimelala kwa wanawake walionitoa kabla chai haijachemka. Kuamshwa vizuri namna ile sikuwahi.

Na hicho chumba ndicho kilichokuwa kinataka kuchukuliwa.

Sikilizeni. Mkwe wangu ni dalali wa nyumba. Kaka yake mkubwa ni daktari wa meno. Mama yao anaishi peke yake juu mlimani, kwenye barabara ile yenye kona hadi unasahau ulitokea wapi, na watu humwita Bibi wa Juu. Kwa miaka wanawe hawakumshusha. Sababu yao ilikuwa moja: mama hawezi gari, zile kona zinamtapisha. Alitapika mara moja, kwenye teksi, akitoka hospitali. Wakaitunza ile habari kama hati ya shamba.

Halafu akatokea mtu wa mahoteli akasema anapenda uwanja wa Bibi wa Juu, na mandhari yake, na upepo wake, ila anautaka ukiwa hauna mtu.

Ghafla wale vijana wakagundua kwamba magari yana springi.

"Mama anakuja kukaa kwangu," akasema Dalali. "Gari langu halitikisiki."

"Kwako wapi? Mama anakuja kwangu," akasema Daktari wa Meno. "La kwako ni zito kama kabati. Kwenye kona linalala."

Maana anayemkalisha mama ndiye atakayemshika mkono siku ya kutia sahihi. Hilo hawakulisema, lakini mimi si kiziwi.

Bibi wa Juu mwenyewe aliposikia wanagombana akapiga simu, akasema maneno machache. "Nipandisheni mara moja kwenye hili na mara moja kwenye lile. Gari litakalonitapisha, mwenyewe simtaki. Lisilonitapisha, nahamia kwake."

Na kwa Dalali, mama angelala wapi? Binti yangu alinijia jioni ile na kikombe cha chai, akakaa kwenye kona ya kitanda, akawa anazungusha pete yake kidoleni.

"Baba, mavyaa akija, chumba ni hicho hicho. Sina kingine."

"Najua."

"Sikufukuzi."

"Najua, mwanangu."

Kwa hiyo mnaelewa. Ili nibaki na cherehani yangu, Bibi wa Juu alitakiwa atapike kwenye gari la Dalali, na astarehe kwenye gari la Daktari. Na nani angeendesha yote mawili, ili pasiwe na upendeleo? Mimi. Dalali alikubali kwa sababu nakula kwake. Daktari alikubali kwa sababu anajua nakula kwake kwa kinyongo. Wasomi hao.

*

Kule kupanda, Daktari wa Meno aliendesha lake mwenyewe, la rangi ya fedha. Mimi nikawa na jeusi, na mkwe wangu pembeni yangu ananieleza barabara.

Hawa ndugu wawili hawajawahi kupitisha gari kwenye kona kali kuliko ile ya kuingilia maegesho ya benki. Elimu yao yote ya milima wameipata kwenye simu, wakitazama wanaume wenye miwani myeusi wakiendesha kwenye milima ya watu. Wakikaa mezani, ni hayo tu. Mmoja anasema magurudumu yote manne yanavuta. Mwingine anasema utamu wa gari ni nyuma isukume. Chakula kinapoa, wake zao wanaangaliana.

"Bonyeza hapo, mzee," Dalali akaniambia. "Hiyo ni ya spoti."

"Ikibonyezwa inakuwaje?"

"Gari linakasirika."

Nikabonyeza. Likanguruma kidogo, usukani ukawa mgumu. Gari kukasirika mlimani ni wazimu. Mlimani anayetakiwa kukasirika ni bonde, wewe unatakiwa unyamaze.

Daktari akatupita kwenye kona, upande wa bonde, akipiga honi kwa furaha. Nyuma ya gari lake ikachomoka, ikafagia changarawe, ikarudi. Nikaiona shingo yake ikikakamaa ndani ya kioo.

"Umeona?" Dalali akasema. "Mkia wake hauna adabu."

"Mkia hauna kosa. Kosa la kichwa."

"Kichwa kipi?"

"Cha kaka yako."

Akacheka kwa kuwa alidhani namsifia yeye.

Niseme ukweli wa magari yenyewe, maana najua kuna wasomaji watakaoandika kwa mhariri kuniuliza. Lile jeusi lina pua nzito. Ukiliingiza kwenye kona kwa haraka, pua inakataa kugeuka, inataka kwenda kusalimia bonde. Kisha magurudumu yote yanashika kwa pamoja, na unatolewa kwenye kona kama mtu aliyevutwa ukosi. Limelainishwa, linayumba kwa heshima, unakaa kama kwenye kochi la mgeni. Lile la fedha linageuka kabla hujamaliza kufikiri. Lakini springi zake ni ngumu. Ukikanyaga kifuniko cha chupa, figo zako zinajua kama kilikuwa cha soda au cha bia. Ni magari mazuri yote mawili. Yamekosa wenyewe tu.

Na kuhusu kutapika, gari halina neno hapo. Mtu hatapishwi na kona, anatapishwa na mguu. Funga breki kabla ya kona, uiachie, ushike usukani kwa utulivu hadi mwisho, abiria atasinzia. Funga breki ukiwa katikati ya kona, achia, funga tena, tumbo litauliza kinachoendelea. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye malori ya mbao, na mtu aliyenifundisha alikuwa ananiapiza huku akinifundisha.

*

Bibi wa Juu tulimkuta amekaa mlangoni juu ya sanduku lake. Nyumba ya mbao na bati, jiko nje, kuni zimepangwa kama vitabu. Mwanamke mwembamba, macho makali, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu kama anaogopa mawazo yasimtoroke.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili, kila mmoja akitaka kutangulia.

"Marahaba. Dereva ni nani?"

"Huyu mzee, mama. Baba wa mke wangu."

Akaniangalia viatu. Viatu tu. "Mzee mwenzangu, umeendesha nini maishani?"

"Kila kinachogeuka, mkwe. Malori, mabasi, juzi gari la maiti."

"Waliokuwemo walisemaje?"

"Walishuka kimya."

Akacheka. Wanawe hawakucheka, walikuwa wanafuta vumbi magari yao kwa leso.

Yakazuka mabishano. Daktari anataka lake lipande, maana nguvu ya gari inaonekana kwenye kupanda. Dalali anataka lake lishuke, maana breki zinaonekana kwenye kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walikuwa wamekubaliana, lakini waliendelea kubishana kwa mazoea. Kupima gari moja likishuka na jingine likipanda ni sawa na kumpima mtu anayekula na mwingine anayelala. Mimi ni dereva tu.

Kabla hatujaondoka, Daktari akanivuta pembeni, nyuma ya kuni.

"Mzee, fungua mdomo." Nikafungua, mjinga mimi. "Aah. Haya ya mbele yameondoka yote. La kwangu likishinda, nakutengenezea mapya. Meupe. Utatafuna mfupa."

"Na lisiposhinda?"

"Utaendelea na uji."

Angejua kwamba nilikuwa namfanyia kazi yake bure!

*

Tukashuka. Bibi wa Juu nyuma, beseni la bluu mapajani. Dalali mbele, pembeni yangu. Daktari anatufuata na lake.

Kona ya kwanza niliiacha ipite vizuri, asije mtu akasema nimeanza mapema. Ya pili nikaiingia kwa mwendo. Pua ya gari ikaelekea bondeni, nikafunga breki katikati, nikaachia, nikafunga. Magurudumu yakashika, tukavutwa ukosi.

"Umeona inavyoshika, mama?" Dalali akasema. "Hiyo ni manne yote."

"Naona, mwanangu."

Ya tatu nikaifanya mbaya zaidi. Mkanda ukambana Dalali kifuani. Ya nne nikaongeza na usukani kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayefukuza nzi.

"Mzee," Dalali akasema, "usijaribu sana."

"Si ulisema linasoma barabara? Nalisomea kwa sauti."

Nikatazama kioo cha ndani nione Bibi wa Juu amefikia wapi. Nilitegemea uso wa majivu.

Alikuwa anacheka. Mikono yote miwili imeshika beseni kama usukani, na kila nikikata kona naye anakata. Midomo inamtoka sauti ya injini.

"Tena!" akasema. "Hiyo ijayo nayo, mzee mwenzangu! Usiiache!"

Sijawahi kutukanwa na furaha ya mtu namna ile. Nikaamua kumaliza kazi. Kuna kona pale imekunjwa kama kiwiko, barabara inarudi ilikotoka, ukuta upande huu na hewa tupu upande wa pili. Nikaingia nikiwa na mwendo, nikafunga, nikaachia, nikafunga, nikaachia. Gari zima likatikisa kichwa kama punda aliyekataa mzigo.

"Mama," Dalali akasema kwa sauti ndogo. "Beseni."

"La nini?"

"Mama, nipe beseni!"

Akampa. Jamaa alitumbukiza uso humo mzima mzima, na tai yake ikatangulia. Mwenye gari lisilotikisika! Ngozi nyeusi, taa za miguuni, kitufe cha hasira, na mwenyewe amekumbatia beseni la soksi analia, "Punguza, baba mkwe, punguza."

Neno baba mkwe nilikuwa sijalisikia tangu siku ya harusi.

"Pole, mwanangu," Bibi wa Juu akampiga mgongo. "Tangu mdogo ulikuwa hivyo. Hata bembea."

Tulipofika kituo cha mafuta kilicho chini ya mlima, Dalali alishuka na beseni lake, akalala kwenye benchi la wauza betri, macho juu.

"Ni yale manukato ya garini," akasema. "Niliambiwa nisiweke ya limau."

Kaka yake alikuwa anacheka hadi anajishika magoti. "Yaani gari limemtapisha mwenyewe!"

"Mama hakutapika," Dalali akasema kutoka kwenye benchi. "Sheria ni mama."

Na hapo alikuwa amesema kweli. Nikahisi kile chumba kinaanza kutoka mkononi mwangu.

*

Lakini nilikuwa na nusu ya pili, ya kupanda na la fedha. Nikajiambia, mama kafurahi, haya. Akifurahi zaidi kwenye la Daktari, bado nimepona. Nikaamua kumwendesha nilivyoendesha waliokuwa hawana haraka tena. Breki kabla ya kona, mkono mmoja tulivu, gia ibadilike bila mtu kujua. Yale magurudumu magumu nikayapitisha kati ya mashimo kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikiwa na umri huu bado naweza, na sijui ni kwa nini niwe mnyenyekevu.

Daktari alikuwa amekaa nyuma na mama yake, amefunga vioo vyote.

"Unasikia kimya hicho, mama? Ndiyo thamani ya gari. Halafu angalia mgongo wako, umekaa sawa. Mgongo ukikaa sawa, taya linakaa sawa. Taya likikaa sawa, fizi..."

Akaendelea na fizi. Ndani ya gari lile kulikuwa na harufu ya kliniki yake, ile ya karafuu na dawa ya kufa ganzi, imeshika hadi kwenye mikanda. Akatoka kwenye fizi akaingia kwenye usaha. Mgonjwa mmoja, mama, ungemwona, jino limeoza hadi...

"Fungua dirisha," Bibi wa Juu akasema.

"Vumbi litaingia, mama."

Nikatazama kioo. Sasa ule uso wa majivu niliokuwa nautafuta wakati wa kushuka, huu hapa, umekuja kwenye gari lisilo lake.

"Mkwe," nikasema, "kuna nini?"

"Simamisha."

"Tuko kwenye kiwiko, mkwe, siwezi kusimama katikati ya kona."

"Beseni liko wapi?"

Beseni lilikuwa chini ya mlima, limelala kwenye benchi na Dalali.

Sitaeleza. Viti vile vilikuwa vya ngozi rangi ya maziwa. Daktari wa Meno, mtu anayeshinda akichungulia vinywa vya watu, alipiga yowe kama ameumwa na siafu.

Nikasogeza gari hadi penye uwazi, nikasimama. Daktari akashuka akavua shati, akaanza kusugua kiti na shati lake, huku anazungumza na gari, si na mama yake. Pole sana, alikuwa anasema. Pole sana. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa anakiambia kiti.

Bibi wa Juu alikaa kwenye jiwe la pembeni. Nikampa chupa ya maji. Akasukutua, akatema kwa nguvu, akanitazama viatu tena.

"Mguu wa kulia," akasema.

"Una nini?"

"Mume wangu alikuwa na lori la mbao. Nilikaa pembeni yake nikiwa msichana, na kila tukigombana nyumbani, alinipitisha kona hivyo hivyo. Breki, achia, breki. Mwishoni nikawa namtania makusudi ili anipitishe." Akafuta mdomo. "Kwenye la mdogo ulitaka nitapike. Kwenye hili umenibeba kama maiti. Kwa nini? Kaka mtu amekuahidi nini?"

"Meno."

"Usinidanganye. Mtu hafanyi kazi safi vile kwa ajili ya meno."

Nikafikiria kudanganya, na nina uzoefu. Lakini mtu anayekusoma mguu utamficha nini?

"Chumba," nikasema. "Ukienda kwa mdogo, unachukua chumba changu. Kiko ukuta mmoja na cherehani ya binti yangu. Sikumlea yule mtoto, mkwe. Nilikuwa barabarani. Sasa namsikia akifanya kazi, basi. Ndiyo hiyo."

Nyuma yetu shati lilikuwa linasugua ngozi, kwichi, kwichi.

"Na mimi," akasema, "nimekaa huku juu nasikia bati. Asubuhi bati, mchana bati. Wanangu wanakuja na maziwa ya kopo, wanasema mama huwezi gari. Nitashuka, mzee mwenzangu. Siwezi kukuachia chumba kwa huruma."

"Sijaomba."

"Najua. Ungeomba ningekuona mjinga."

Akafungua fundo la khanga yake kiunoni, akatoa ufunguo mkubwa wa chuma, akaniwekea mkononi.

"Kaa wewe kwangu."

"Juu?"

"Wanangu wanataka nyumba isiyo na mtu. Nitawaambia ina mtu."

*

Dalali alipandisha gari lake mchana, amenyooka kidogo, tai mfukoni. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba ya Bibi wa Juu. Sanduku lake lilikuwa pale pale mlangoni.

"La Daktari limenitapisha," Bibi wa Juu akamwambia Dalali. "La kwako halikunitapisha. Pakia sanduku."

Dalali akaruka. Jamani, mtu mzima akaruka, akampiga kaka yake begani. "Nilisema! Manne yote!"

"Mama, ile ilikuwa harufu, si gari!" Daktari akasema akiwa na fulana. "Kwa uendeshaji, hata mzee atakwambia..."

"Na huyu mzee anabaki hapa," Bibi wa Juu akasema. "Nyumba nimempa akae hadi afe au achoke."

Yule aliyeruka akatua.

"Mama, anabaki vipi? Yule wa hoteli anakuja..."

"Mwambie alete viti, akaribishwe chai."

"Huyu ni mzururaji, mama! Hajawahi kukaa mahali!" Akanigeukia. "Mzee, waambie. Wewe unaweza kukaa huku? Hakuna stendi, hakuna mtu."

Nilitaka kumwambia kweli, kwamba siwezi, kwamba afadhali kile chumba cha kunyoosha miguu mlango ufunguke. Lakini nikawatazama wale wawili, mmoja ananuka limau, mwingine ananuka karafuu, wamemfungia mama yao mlimani kwa sababu ya teksi moja. Dharau nayo ina joto lake, mtu anaweza kuishi humo.

"Naweza," nikasema.

Bibi wa Juu akapanda jeusi, akalipokea beseni lililosuuzwa, akaliweka mapajani. Dalali akaondoa gari polepole kama anaendesha karatasi. Hadi wanapotea kwenye mkunjo wa kwanza nilikuwa namsikia mwanamke yule dirishani.

"Breki, mwanangu! Funga hapo hapo! Aa, umeiacha!"

*

Yaliyofuata ni haya. Daktari wa Meno aliuza gari la fedha kwa mtu asiye na pua, akanunua jingine la fedha. Meno sikupewa. Wa mahoteli alikuja na watu wake, akanikuta napasua kuni, akauliza nitahama lini, nikamwuliza yeye atakufa lini, hakurudi. Dalali hasemi nami. Binti yangu alinitumia blanketi na shati aliloshona mwenyewe, mikono mirefu kidogo. Alisema kwenye simu kwamba mavyaa anaamka naye alfajiri, anakaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani, anaisikiliza cherehani na kuimba. Nikasema vizuri. Nikakata, nikasema mtandao mbaya.

Mimi nipo juu. Nasikia bati. Mfuko wangu uko nyuma ya mlango, sijaufungua.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia gari linapanda. Nalijua kwa mlio, ni jeusi, na kitufe cha hasira kimebonyezwa. Lilifika kwenye kiwiko likafunga breki katikati ya kona, likaachia, likafunga, likaachia. Kona iliyofuata vile vile. Mkwe wangu hawezi kuendesha hivyo, tumbo lake halitaki. Kwa hiyo anayeendesha si yeye, na ndani kuna mtu anayefurahia.

Nimeweka maji ya chai. Nimesimama mlangoni na mfuko uko mguuni, kwa sababu sijui kama anayekuja anakuja kunitoa nyumbani humu au kunichukua nirudi kwenye cherehani.